Belding Scribner: Daktari aliyeigeuza mashine ya figo kuwa njia ya kuishi

KATIKA Kaunti ya Isiolo, safari ndefu si jambo geni. Wafugaji huhama na mifugo yao kutafuta malisho, na wafanyabiashara huamka alfajiri kupeleka maziwa ya ngamia hadi Eastleigh, jijini Nairobi. Lakini ipo safari moja isiyofuata mvua wala soko. Mgonjwa wa Merti ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 150 hadi mjini Isiolo, au hata kuendelea mbele hadi Meru, ili damu yake isafishwe kwa mashine. Akirejea nyumbani, siku chache tu zinapita kabla ya kuianza safari hiyo upya, na hivyo ndivyo atakavyoishi maisha yake yote, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa.

Kabla ya mwaka 1960, safari ya namna hiyo haikuwepo popote duniani. Karibu kila mtu ambaye figo zake ziliharibika kabisa alikufa, awe tajiri wa London au mfugaji wa Garbatulla. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, ila haikuweza kutumiwa kwa mgonjwa yule yule mwaka baada ya mwaka. Aliyekiondoa kizuizi hicho ni daktari Mmarekani, Belding Hibbard Scribner. Watu wachache katika Afrika Mashariki wanalijua jina lake, ingawa kila anayeketi kando ya mashine hiyo leo anaishi kwa wazo lililomjia daktari huyo usiku mmoja.

Scribner alizaliwa mjini Chicago tarehe 18 Januari 1921. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, akahitimu mwaka 1945, kisha akaendelea na mafunzo katika hospitali maarufu ya Mayo Clinic, jimbo la Minnesota. Yeye mwenyewe hakuwa mgeni wa maradhi. Macho yalimsumbua kwa muda mrefu hata akapandikizwa konea, ule utando wa mbele wa jicho. Waliofanya kazi naye walimfahamu kama mtu aliyejua vyema maana ya kuwa mgonjwa.

Mwaka 1950, akiwa bado Mayo Clinic, alihudhuria mhadhara wa Dkt John Merrill wa Boston kuhusu mashine mpya iliyoitwa figo bandia. Mhadhara huo ulibadilisha mwelekeo wa maisha yake. Mwaka uliofuata alihamia Seattle, mji wa bandari ulio kaskazini magharibi mwa Marekani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington. Huko ndiko alikofanya kazi hadi uzeeni.

Mashine iliyokuwa na kasoro moja

Figo bandia ya kwanza iliyofaa kwa binadamu ilibuniwa na Dkt Willem Kolff katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya uvamizi wa Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili. Kolff alitumia karatasi nyembamba ya selofani, ile iliyotumika kufungia soseji, akaizungushia kwenye pipa lililokuwa likizunguka ndani ya maji yenye chumvi. Damu ilipopita ndani ya selofani hiyo, uchafu ulipenya na kuingia majini huku chembechembe za damu zikibaki. Alianza majaribio kwa wagonjwa mwaka 1943. Wengi walifariki, hadi mwaka 1945 alipofaulu kumwokoa mwanamke mwenye umri wa miaka 67.

Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba wenye matundu madogo mno, na maji maalumu hupita upande wa pili. Sumu ambazo figo zingeziondoa kwa njia ya mkojo huvuka utando huo, na maji ya ziada mwilini huvutwa pamoja nazo.

Tatizo halikuwa kusafisha damu bali kuifikia. Kila mara mgonjwa alipotakiwa kuunganishwa na mashine, daktari alimpasua, akaingiza mirija katika mshipa wa ateri na katika vena, na baada ya kazi mishipa hiyo ikafungwa na haikufaa tena. Baada ya mara chache, mwili ulikosa mishipa ya kutumia. Kwa sababu hiyo mashine ilitumika tu kwa wale ambao figo zao zilisimama kwa muda, kwa mfano baada ya kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, wakasaidiwa siku kadhaa hadi figo zikapona. Mwenye figo zilizokufa kabisa hakuwa na nafasi.

Mapema mwaka 1960, Scribner alipokea mgonjwa kutoka mji wa Spokane aliyeaminika kuwa na tatizo la muda. Baada ya kusafishwa damu, mgonjwa huyo alizinduka, akapata nafuu ya kustaajabisha. Kisha vipimo vikaonyesha kwamba figo zake hazingepona kamwe. Hapakuwa na la kufanya ila kumwambia mkewe amrudishe nyumbani akafie huko, na muda mfupi baadaye alifariki.

Jambo hilo lilimkosesha Scribner usingizi. Usiku mmoja aliamka na wazo rahisi: kwa nini mirija itolewe kila mara? Ingewezekana kuiacha ndani ya mishipa ya mkono moja kwa moja, na wakati mashine haitumiki, kuiunganisha kwa kipande cha mrija chenye umbo la herufi U, damu iendelee kupita kutoka ateri hadi vena bila kuganda. Siku ya kusafishwa, kipande hicho kingefunguliwa na mirija ya mashine kuunganishwa pale pale, bila kisu.

Mwenzake mmoja, daktari wa upasuaji, alimweleza kuhusu Teflon, plastiki ambayo damu haishikamani nayo kwa urahisi. Mhandisi wa hospitali, Wayne Quinton, alijifunza jinsi ya kuipinda kwa joto, akatengeneza kifaa chenyewe. Tarehe 9 Machi 1960, daktari David Dillard alikiweka katika mkono wa Clyde Shields, fundi mitambo wa kampuni ya ndege ya Boeing mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikuwa amebakiza siku chache za kuishi.

Shields aliishi miaka 11 zaidi. Aliaga dunia mwaka 1971 kwa mshtuko wa moyo. Mgonjwa wa pili, Harvey Gentry, kijana aliyekuwa akiuza viatu, alianza matibabu mwezi huo huo wa Machi 1960. Baadaye alipandikizwa figo ya mama yake, akaishi hadi mwaka 1987. Kwa mara ya kwanza katika historia, kiungo muhimu cha mwili kilikufa na mwenyewe akaendelea kuishi kwa miaka mingi akitegemea mashine.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, Scribner alikwenda kwenye mkutano wa wataalamu wa viungo bandia mjini Chicago, akafuatana na Shields ili wenzake wajionee kwa macho yao. Hakukifanya kifaa chake kuwa siri ya biashara. Aligawa ujuzi na vifaa kwa madaktari walioomba, naye hakutajirika kwa uvumbuzi huo.

Kamati iliyoamua nani aishi

Ufanisi huo ulizaa swali ambalo madaktari hawakuwa wamejiandaa kulijibu. Mashine zilikuwa chache, gharama ilikuwa maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kila mwaka, na waliokuwa wakifa kwa maradhi ya figo walikuwa wengi. Mwezi wa Januari 1962, kwa ushirikiano na chama cha madaktari wa wilaya ya King, kilifunguliwa Seattle kituo cha figo bandia, cha kwanza duniani kuwahudumia wagonjwa nje ya wodi za hospitali kuu. Vitanda vilikuwa vichache mno.

Madaktari waliwachuja kwanza wagonjwa kwa misingi ya kitabibu. Waliobaki walipelekwa mbele ya kamati ya watu saba ambao majina yao yalifichwa. Miongoni mwao walikuwamo mwanasheria, kasisi, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani, kiongozi wa wafanyakazi, afisa wa serikali na daktari wa upasuaji. Hawakukutana na wagonjwa. Walisoma majalada, wakapima umri, ndoa, idadi ya watoto, kipato, elimu, kazi, hata mahudhurio ya kanisani. Aliyechaguliwa alipata kitanda. Aliyekataliwa alikwenda nyumbani kufa.

Mwezi wa Novemba 1962, jarida la Life lilichapisha habari za kamati hiyo, na Marekani nzima ikaanza mjadala. Wakosoaji walisema kwamba mizani ya kamati ilikuwa mizani ya tabaka la kati: mwenye nyumba, kazi nzuri na sifa kanisani alipewa uhai, na maskini mpweke akapuuzwa. Wanahistoria wengi huutaja mjadala huo kuwa mojawapo ya chimbuko la taaluma ya maadili ya tiba inayofundishwa leo katika vyuo vya udaktari.

Scribner hakuyakwepa maswali hayo. Mwaka 1964, akiwa rais wa chama cha wataalamu wa viungo bandia, aliitumia hotuba yake rasmi kuzungumzia maadili badala ya mitambo: namna ya kuchagua wagonjwa, haki ya mgonjwa kuacha matibabu akiona mateso yamezidi, na heshima ya mtu anapokufa. Kwake yeye, lawama haikustahili kuishia kwa watu saba wa kamati. Chanzo kilikuwa jamii iliyoruhusu uhaba wa mashine huku ikijua kwamba wanaokosa hufa.

Swali hilo halikubaki Marekani. Mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliombwa iamuru hospitali ya serikali mjini Durban imsafishe damu mgonjwa aliyekuwa amekataliwa kwa sababu hakutimiza masharti ya uteuzi. Mahakama iliamua kwamba katiba haikuilazimisha serikali kutoa zaidi ya uwezo wake, na mgonjwa huyo alifariki muda mfupi baada ya hukumu. Zaidi ya miongo mitatu ilikuwa imepita tangu kamati ya Seattle ianze vikao vyake.

Mashine yaingia nyumbani

Njia moja ya kupunguza uhaba ilikuwa kuitoa mashine hospitalini. Mwaka 1964, msichana mmoja alinyimwa nafasi kwa kuwa alikuwa chini ya umri uliowekwa. Baba yake alikuwa rafiki wa Profesa Les Babb, mtaalamu wa uhandisi wa nyuklia katika Chuo Kikuu cha Washington, ambaye tayari alikuwa akishirikiana na Scribner. Babb na wasaidizi wake walifanya kazi usiku na mchana, wakaunda kwa miezi michache mashine ndogo inayoweza kutumika nyumbani. Msichana huyo alisafishwa damu akiwa nyumbani kwao kwa msaada wa mama yake, akaweza kuendelea na masomo, na akapata miaka kadhaa ambayo kamati haikumpa.

Kutokana na mashine ile, Seattle ikawa kitovu cha usafishaji wa damu nyumbani. Scribner aliamini kwamba mgonjwa aliyefundishwa kujihudumia huishi vizuri zaidi kuliko yule anayengojea kuhudumiwa. Mashine ya nyumbani ingeweza kutumika usiku, kwa saa nyingi, mgonjwa akiwa amelala, na asubuhi akaenda kazini.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya serikali kugharimia matibabu ya karibu kila mwenye figo zilizokufa, bila kujali umri, kuanzia Julai 1973. Kamati za uteuzi zikakosa kazi. Hata hivyo Scribner hakuridhika na yaliyofuata. Fedha za serikali zilivutia kampuni za biashara, vituo vikaongezeka, na usafishaji wa nyumbani ukapungua. Alilalamika waziwazi kwamba muda wa kila kipindi ulikuwa ukifupishwa ili kitanda kimoja kihudumie watu wengi zaidi, na kwamba wagonjwa walilipia ufupisho huo kwa afya yao.

Walichofundisha wagonjwa wa kwanza

Lalamiko hilo lilitokana na yale aliyoyaona kwa macho yake. Wagonjwa wa kwanza wa Seattle walikuwa walimu, kwa maana hakuna aliyejua mwili hupatwa na nini ukiishi miaka mingi bila figo. Mwanzoni walisafishwa kwa saa nyingi lakini kwa nadra. Baada ya muda miguu yao ikaanza kufa ganzi na kudhoofika kwa sababu sumu ilikuwa ikiharibu neva. Vipindi vilipoongezwa hadi mara mbili, kisha mara tatu kwa wiki, hali hiyo ilitulia.

Shields alikuwa na shinikizo la damu la kutisha. Scribner na wenzake waligundua kwamba likitolewa jingi la yale maji ya ziada, na mgonjwa akapunguza chumvi, shinikizo hushuka hata bila dawa nyingi. Waliona pia kwamba fosforasi isiyotolewa mwilini huharibu mifupa na kuigandisha mishipa, na kwamba potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo ghafla. Hata maji ya mashine yalikuwa na hatari zake: katika miaka ya 1970 iligunduliwa, katika vituo kadhaa vya Marekani na Uingereza, kwamba aluminiamu iliyomo katika maji ya mfereji ilikuwa ikiharibu ubongo wa wagonjwa.

Tatizo lililodumu zaidi lilikuwa upungufu wa damu. Figo hutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu, na zikifa, amri hiyo hukoma. Kwa miaka mingi wagonjwa waliongezewa damu mara kwa mara, wakapata madini ya chuma kupita kiasi na maambukizi ya ini. Mwanafunzi wa Scribner, Dkt Joseph Eschbach, aliifuatilia homoni hiyo kwa zaidi ya miongo miwili. Katikati ya miaka ya 1980, yeye na wenzake mjini Seattle walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuwapa wagonjwa homoni iliyotengenezwa maabara, na dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1989.

Hata kifaa cha Teflon kilipata mrithi. Kilikuwa rahisi kuziba na kuambukizwa. Mwaka 1966 madaktari wa New York walionyesha kwamba ateri na vena za mkono zinaweza kuunganishwa chini ya ngozi, vena ikapanuka na kuwa imara kiasi cha kudungwa sindano mara nyingi. Njia hiyo ndiyo inayopendekezwa hadi leo kwa wagonjwa wengi. Scribner hakuona fedheha kupitwa. Alikuwa ameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na wengine wakaonyesha njia bora zaidi.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 81, alichapisha pamoja na Dkt Dimitrios Oreopoulos wa Toronto kipimo chepesi cha ubora wa matibabu. Chukua idadi ya vipindi kwa wiki, uizidishe kwa yenyewe, kisha uizidishe kwa saa za kila kipindi. Anayesafishwa saa nne mara tatu kwa wiki hupata 36. Anayesafishwa saa nne mara mbili kwa wiki hupata 16 tu. Hoja ilikuwa kwamba marudio yana uzito kuliko urefu wa kipindi, kwa sababu mwili huumizwa zaidi na siku nyingi za kulimbikiza sumu na maji. Kwa maoni ya waandishi hao wawili, hata 36 haikutosha.

Mwaka huo huo, Scribner na Kolff walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa zaidi za tiba nchini Marekani. Mmoja alikuwa ameunda mashine, na mwingine akaifanya iweze kutumika maisha yote. Tarehe 19 Juni 2003, Scribner alikutwa amefariki majini karibu na nyumba yake iliyoelea ziwani mjini Seattle, ambako alikuwa ameishi kwa miaka mingi, na kutoka huko alizoea kwenda kazini kwa mtumbwi. Alikuwa na miaka 82.

Hesabu yake ikisomwa Isiolo

Hesabu hiyo ya mwaka 2002 ndiyo inayoifanya habari ya Scribner kuwa habari ya Isiolo. Nchini Kenya, mpango wa serikali kuu wa mwaka 2015 wa kusambaza vifaa vya kitabibu ulipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, ilhali awali wagonjwa wengi wa kaskazini walilazimika kuzifuata Nairobi. Mwaka huo huo hazina ya bima ya NHIF ilianza kulipia vipindi viwili kwa wiki. Mwezi wa Oktoba 2024 hazina hiyo ilirithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hatua hizo ziliokoa maisha ya watu wengi ambao zamani wangekufa bila hata kuiona mashine. Lakini mara mbili kwa wiki ndicho kiwango walichozoea wagonjwa wengi nchini, na kwa kipimo cha Scribner, kiwango hicho hakifiki hata nusu ya kile cha mara tatu. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine hufanya kazi saa nane.

Kwa hiyo saa zinazobaki humwangukia mgonjwa mwenyewe, na katika nchi kavu ya Isiolo mzigo huo ni mzito. Asiyekojoa tena huweza kuambiwa asinywe zaidi ya takriban lita moja ya vinywaji kwa siku, chai na mchuzi vikihesabiwa, katika joto linalomkausha koo hata mtu mzima wa afya. Maziwa, ambayo kwa jamii za wafugaji ni chakula, dawa na heshima kwa mgeni, yana fosforasi na potasiamu nyingi. Tende za kufungulia saumu mwezi wa Ramadhani zina potasiamu nyingi pia. Ushauri wa lishe usiojua kilichomo katika kibuyu cha mwenyeji hauwezi kufuatwa. Unaofaa ni ule unaomwambia mgonjwa kiasi gani cha maziwa anaweza kunywa na kwa siku zipi, badala ya kumkataza kwa neno moja kila alichokulia.

Mashine yenyewe ina kiu. Kipindi kimoja cha saa nne hutumia karibu lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa uangalifu mkubwa, na mengine hupotea katika usafishaji huo. Katika kaunti ambayo wanawake na watoto hutembea mbali kutafuta mtungi mmoja, kituo cha figo ni pia suala la visima, mabomba na matangi. Umeme ukikatika, damu iliyo ndani ya mirija lazima irudishwe mwilini kwa mkono. Fundi asipopatikana kwa wiki moja, mashine iliyopo ni sawa na ambayo haijafika.

Kisha kuna umbali. Mvua ikikata barabara, kipindi kimoja kikikosekana huacha siku nyingi za sumu na maji mwilini, nazo ndizo siku ambazo moyo huwa hatarini zaidi. Familia huuza mbuzi kwa ajili ya nauli, malazi na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa. Bima hulipia mashine, lakini haimlipii mgonjwa siku za kazi alizopoteza barabarani. Baadhi hukata tamaa. Hakuna kamati ya watu saba inayoketi Isiolo kusoma majalada, lakini umbali, nauli na maji hufanya uteuzi ule ule kimyakimya, na hauchapishwi katika jarida lolote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Maisha ya Scribner yanaonyesha kwamba mipaka ya kinachoweza kufikiwa husogea pale watu wanapokataa kuizoea. Kipindi cha tatu kwa wiki, upasuaji wa kuunganisha mishipa ya mkono kwa wakati ili mgonjwa asikae miezi mingi na mrija shingoni, na upandikizaji wa figo kwa anayestahili na aliyepata ndugu wa kumpa, ni mambo yanayojulikana tayari. Hayahitaji uvumbuzi mpya.

Na kabla ya yote hayo kuna jambo la bei ndogo zaidi. Figo nyingi huharibiwa polepole na kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo hayapigi kelele, na matumizi holela ya dawa za maumivu huongeza madhara. Kupima shinikizo, sukari na mkojo katika zahanati ya Kinna au Oldonyiro huchukua dakika chache. Atakayegunduliwa mapema huenda asiihitaji mashine kamwe, na nafasi yake kitandani ikabaki kwa mwingine anayengoja.